UZI: Nilivyochora filamu fupi ya animesheni kwa penseli na karatasi nikiwa chuo, michoro 940, sekunde 130

Mchoramwendo:
Wakuu salama? Watu wengi wananifata inboksi wanauliza niliwezaje kufanya animesheni ya kuchora kwa mkono wakati sina tableti na laptopu yenyewe ni ya kuazima kwa rafiki, nikaona bora niandike hapa mara moja kila mtu asome. Itakuwa ndefu, ntashusha kwa vipande.

Nianze na hesabu kwa sababu hapo ndo nilipoanguka. Mimi nilianza na stori. Nilikuwa na stori nzito kweli, bibi na mjukuu, kuna harusi, kuna dhoruba, mashua inazama halafu kijiji kizima kinakimbilia ufukweni. Nikaiandika usiku kucha nikaona hii lazima watu walie. Asubuhi nikakaa na kalkuleta.

Filamu inaenda fremu 24 kwa sekunde, fremu ni picha moja moja zinazopita. Huku kwenye kuchora wengi tunafanya mchoro mmoja ukae fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, jicho linakubali kabisa. Kwa hiyo dakika moja ni michoro 720. Stori yangu ilikuwa dakika sita, piga mara, 4,320. Nikajipima siku tatu mfululizo natoa michoro mingapi iliyokamilika baada ya vipindi, nikapata 20, siku nzuri 25. Gawanya. Siku 216. Na projekti ilitakiwa ikabidhiwe baada ya wiki 16, na hapo hujagusa sauti wala kupiga picha hata karatasi moja.

Nikakata. Harusi ikaondoka, dhoruba ikaondoka, mashua niliililia lakini nayo ikaondoka. Kikabaki kitu kimoja: alfajiri bibi anapika vitumbua, mjukuu karudi jana usiku kutoka mjini, amekaa mlangoni hataki kula. Basi. Sekunde 130, shoti 14, yaani vipande 14 vya filamu. Na naapa hiyo ndo ilikuwa stori tangu mwanzo, yale mengine yote nilikuwa nayaweka kwa sababu naogopa bibi akikaa tu jikoni watu watachoka.

Sekunde 130 kwa 12 ni 1,560, bado nyingi. Ya kwanza niliyoshusha ni moshi, nilichora michoro 8 tu inayojirudia, inazunguka mwisho inarudi mwanzo. Pili mwili wa bibi, sehemu nyingi amekaa kigodani hasogei, nikachora mwili karatasi moja na mkono peke yake karatasi nyingine. Tatu ni kunyamaza: mjukuu anaangalia chini sekunde mbili nzima, ni mchoro mmoja kope zinashuka kidogo. Nikafika 940. Hapo nikaweza kulala.

Kifutio:
Uzi safi dada. Nina swali, mwili karatasi moja na mkono karatasi nyingine unaviunganishaje wakati karatasi siyo nailoni? Haionyeshi.

Mchoramwendo:
Swali zuri @Kifutio. Nilipiga picha kila karatasi peke yake, halafu kwenye kompyuta nikaweka leya ya mkono juu ya leya ya mwili, kwenye Krita, programu ya kuchorea, kuna ile hali ya leya inayofanya weupe wa karatasi upotee ibaki mistari tu. Ila mistari ya mwili itapita ndani ya mkono, kwa hiyo pale mkono unapopita lazima ufute mistari ya chini, ama upake mkono rangi kabisa. Krita ni ya bure, haina cha kulipia, na ina sehemu ya animesheni humohumo.

Enzi za mwanzo hawakuwa na hii. Winsor McCay, yule Mmarekani aliyemchora dinosa mwaka 1914, alitumia karatasi nyembamba za mchele na kila karatasi ilibidi mandhari yachorwe upya, mawe, mstari wa ziwa, kila kitu, alikuwa na kijana msaidizi kazi yake kunakili mandhari tu. Ukiangalia utaona mawe yanatetemeka. Mimi ule mtetemo naupenda sana, nikauacha kwenye ukuta wa jikoni kwa bibi makusudi, nimechora ukuta mara tatu zinapokezana, ukuta unaonekana kama unapumua.

Mchoramwendo:
KIPANDE CHA PILI, VIFAA.

Meza ya taa, ile inayokuonyesha mchoro wa chini kupitia karatasi ya juu. Nilienda kwa fundi vioo nikanunua kipande cha kioo milimita 5, kikubwa kuliko A4 kidogo, mwambie asugue kingo zote maana mkono utalala hapo masaa. Fundi seremala akanitengenezea boksi la mbao lenye mwinamo, ndani balbu ya LED, chini ya kioo nikabandika karatasi nyeupe ili mwanga usambae usikuchome jicho. Balbu ya zamani ile ya joto usiweke, karatasi inajikunja.

Sasa kitu ambacho bila hicho hakuna animesheni: karatasi zote lazima zikae sehemu ileile. Zikitofautiana hata nusu milimita mhusika anarukaruka. Wenye hela wananunua upau maalumu na panchi yake. Mimi nilitumia panchi ya kawaida ya ofisini, ile ya matundu mawili, matundu yake yako sentimita 8 kati kwa kati, nikachukua vijiti viwili vya duara vya milimita 6, nikavipiga msasa mpaka vikaingia bila kulegea, nikavigundisha kwenye rula ya mbao. Imeisha. Ila panchi iwekee kizuizi, bandika kipande cha kadi pembeni ili kila karatasi iingie mpaka palepale, ukitoboa kwa macho tu utajuta.

Matundu yaweke CHINI, upande wa tumbo lako, siyo juu. Sababu ni hii: unaposhika karatasi tano, kila moja kati ya vidole vyako, unazipeperusha kwa kuzikunja na kuachia moja moja unaona mwendo hapohapo kabla hujapiga picha yoyote. Huu ndo utamu wa karatasi, mkono unaanza kujua mwendo kabla ya kichwa. Inachukua kama wiki mbili vidole kuzoea.

Karatasi ni rimu ya kawaida ya gramu 80. Michoro 940 lakini nilimaliza rimu nne, maana kila mchoro una rasimu yake kwa penseli ya bluu halafu unanakili safi juu yake.

NA ANDIKA NAMBA. Kila karatasi, pembeni karibu na tundu, namba ya shoti na namba ya mchoro. Mimi shoti ya 6 nilisema ntaandika baadaye, umeme ulikuwa umekatika muda mrefu, ukarudi ghafla feni ikawaka, karatasi kama 160 zikapaa chumba kizima. Nilikaa sakafuni siku mbili nazipanga kwa kuangalia ukubwa wa kitumbua. Siku mbili hizo ningechora michoro 40.

Mwana wa Kisauni:
Mie niko Mombasa, nafanya kozi ya filamu, mwalimu wetu atwambia hii ya karatasi ni kupoteza wakati, dunia yote yatumia tableti. Wewe waonaje dadangu? Pia kuongea mdomo ulifanyaje, hapo ndipo mie hushindwa, mdomo waenda huku sauti yaenda kule.

Mchoramwendo:
@Mwana wa Kisauni kaka yangu tableti pia ni kuchora kwa mkono, wala sina ugomvi nayo, ningekuwa nayo ningetumia. Sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni karatasi na muda, na sikutaka kusubiri mpaka nipate hela ndo nianze kuitwa mchoraji. Na kitu kimoja, kwenye karatasi kila mchoro unakugharimu, kwa hiyo unafikiri kabla ya kuuchora. Mwambie mwalimu kwa heshima tu kwamba utafanya shoti moja kwa karatasi aione, msibishane kwa maneno.

Mdomo sasa. Hapa ndugu zangu lugha yetu imetubeba na sijaona mtu anasema. Kiswahili silabi karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo ukichora midomo mitano ya a, e, i, o, u, ukaongeza mdomo uliofungwa wa m, b, p na ule wa meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, umemaliza. Midomo saba. Vitabu vya wenzetu vinafundisha midomo ya lugha zao, unanakili halafu unashangaa bibi yako anaongea kama amedabiwa.

Mfano halisi. Bibi kwenye filamu anasema "Mbona hujala?" Nilirekodi sauti KWANZA, hii ni lazima, sauti kwanza mdomo baadaye. Nikaifungua kwenye Audacity, programu ya sauti, nikapima, sekunde moja kamili, michoro 12. Nikachora jedwali kwenye daftari mistari 12: m miwili, bo miwili, na miwili, hu miwili, ja miwili, la miwili. Ile m ya "mbona" haina irabu yake, mdomo umefungwa kabisa kabla ya bo, ukiichora haraka neno linapotea. Na mdomo wote uutangulize mchoro mmoja kabla ya sauti. Ukiweka sawasawa unaonekana umechelewa, hata mimi sikuamini mpaka nilipojaribu.

Halafu angalia, bibi anauliza lile swali bila kuinua uso, anaangalia kikaango. Kwa hiyo mdomo wenyewe unaonekana nusu tu. Nusu ya kazi imeondoka na bado inauma zaidi kuliko angemwangalia.

Kalamu Nyeusi:
Duh hapo kwenye Mbona hujala nimesisimkwa. Mimi nilikuwa najua hizi mambo za katuni ni za Marekani na Japani huko, Afrika sisi ni wa juzi.

Mchoramwendo:
@Kalamu Nyeusi si wa juzi mkuu. Moustapha Alassane wa Niger alitoa katuni yake ya rais chura anayesafiri nchi ya jirani mwaka 1966. Mwaka sitini na sita! Na kwa wanafunzi wenzangu, Ng'endo Mukii wa Kenya, ile kazi yake ya mwaka 2012 kuhusu wanawake kujichubua ngozi ilikuwa kazi ya masomo yake Royal College of Art kule London, amechanganya michoro na watu halisi wanaocheza, ikazunguka matamasha kibao. Kazi ya shule. Kwa hiyo mtu asikwambie subiri umalize chuo ndo ufanye kazi ya kweli.

Mchoramwendo:
KIPANDE CHA TATU. Hiki ndo kiini cha uzi wote, mengine mnaweza kuruka.

Shoti ya 5, bibi anageuza kitumbua. Mimi nimekula vitumbua vya bibi tangu najijua, nikasema hii naijua, sihitaji kuangalia. Nikachora michoro 5, kitumbua kinainuka, kinasimama, kinalala upande wa pili, nafasi sawa kati ya mchoro na mchoro. Nikapiga picha nikacheza. Kilikuwa kinageuka kama mlango unafunguka. Mchoro mmoja mmoja ni mzuri, unaweza kuuweka fremu ukutani, lakini vikienda pamoja hakuna bibi pale, hakuna mafuta, hakuna uzito.

Nikapanda basi nikaenda Tanga wikiendi, kwa hela ya kula ya wiki. Nikaweka simu juu ya ndoo nikarekodi mkono wake alfajiri nzima. Hakikisha simu umeiweka fremu 24, nyingi zinakuja na 30 na hesabu haitakaa sawa. Niliporudi nikaangalia fremu kwa fremu naandika kwenye daftari.

Bibi hageuzi kitumbua. Anatumia spoku ya baiskeli, anaichomeka ukingoni haraka sana, hiyo ni michoro 2. Halafu ANASUBIRI. Michoro 4 mkono umetulia, ncha tu ya spoku inacheza kidogo, nadhani anasikiliza kama chini kimeshika. Miaka ishirini na mbili nakaa pale jikoni sijawahi kuona kwamba anasubiri. Halafu kinageuka chenyewe kwa michoro 3, haraka, mkono ukisindikiza tu. Halafu michoro 5 ya kutulia, mafuta yanapanda pembeni yanashuka, kitumbua kinazama kidogo kinarudi. Jumla 14, sekunde moja na kidogo.

Nikachora hiyo 14. Mistari yake ni mibaya kuliko ile 5 ya kwanza, nilikuwa nimechoka. Lakini ilipocheza dada angu alikuwa amekaa kitandani nyuma yangu akasema "bibi huyo". Sura hata ilikuwa haionekani, ni mkono tu.

Kwa hiyo mnaoniuliza nijifunze kuchora vipi kwanza, mimi nasema chora hivohivo ulivyo, lakini kaa uhesabu. Mama anavyofunga kanga akiwa anaongea na simu, konda anavyoning'inia mlangoni, fundi anavyopuliza jiko la mkaa. Pima kila kitu kinachukua michoro mingapi na hasa pale ambapo hakisogei. Mwendo wa watu wetu haujaandikwa kwenye kitabu chochote cha kozi, nimetafuta, lazima tuuandike sisi.

Kifutio:
Dada umenifanya niangalie mama anavyochagua mchele leo. Anarusha ungo mara tatu halafu anatulia. Sikuwahi kuona.

Mpiga Picha wa Mtaa:
Ulipigaje picha karatasi zote hizo? Skana inachukua muda sana, skana ya stationari wanacharji kwa karatasi.

Mchoramwendo:
Simu mkuu. Seremala yuleyule alinipigia mkono wa mbao kama mti wa kutundikia nguo, simu inalala juu lenzi inaangalia chini, karatasi inakaa kwenye vijiti vilevile viwili. Usiguse simu kupiga, chomeka earphone za waya ubonyeze kitufe cha sauti, simu nyingi kinapiga picha.

Lakini sikiliza hili. Mara ya kwanza nilipiga karibu na dirisha mchana, picha kama 210. Nilipozicheza filamu nzima inawakawaka kama kuna radi, kumbe kila wingu lililopita limeingia kwenye picha. Nikarudia zote. Funga dirisha kwa blanketi, weka balbu mbili kulia na kushoto kwa mshazari, funga mwanga na fokasi kwenye simu zisijibadilishe zenyewe. Kama simu ina sehemu ya kuchagua spidi ya kupiga picha, weka 1/50 au 1/100 ya sekunde, umeme wetu ni hezi 50, balbu nyingine za bei rahisi zinapepesa jicho halioni lakini kamera inaona.

Sauti nilirekodi kwa simu pia. Ya bibi nilirekodi ndani ya chumba chenye nguo nyingi, sauti haigongi ukuta. Mafuta nilirekodi jikoni alfajiri kabla jogoo hawajaanza, karibu kabisa, na usiku nikisikiliza kwa earphone ni kama mvua juu ya makuti. Nikaitumia hivo, filamu inaanza na giza, unadhani mvua inanyesha, taa ikiwaka ni kikaango. Muziki wa mtu sikuweka. Ukitaka kutuma tamasha, kwa mfano ZIFF pale Zanzibar, wimbo wa mtu bila ruhusa utakukwamisha.

Mwana wa Kisauni:
Shukran sana dadangu. Na nyanya mwenyewe je, ameiona? Alisemaje?

Mchoramwendo:
Ameiona @Mwana wa Kisauni, nilimpelekea baada ya kukabidhi chuoni. Alishika simu mbali na uso vile wanavyoshika, akaiangalia mara tatu hasemi. Mara ya nne akaniuliza, "Huyu mafuta yake yameshapata moto?"

Nikamwambia ndiyo bibi. Akasema hapana, huyu kamimina rojo bila kuyajaribu, kitumbua cha kwanza kitanywa mafuta, mimi sipiki hivyo. Nikarudi kwenye video zangu za Tanga nikaangalia. Kweli. Kila alfajiri kabla ya kumimina anadondosha tone moja la rojo kwa kidole, linazama, anasubiri lipande, likipanda linazungukazunguka ndo anaanza. Nilikuwa nimelikata nikidhani ni maandalizi tu.

Maksi zimeshatoka na filamu ilishapokelewa, hakuna anayenidai. Lakini nimetoboa karatasi jana. Tone linazama, bibi anasubiri, linapanda. Nimekadiria michoro 22, leo niko wa tisa.